Atakayetangulia kusema asifungiwe mpaka: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Afrika Mashariki

Kwa: Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Afya,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: VIPIMO VYA KUCHUJA AINA ZA KIRUSI CHA KORONA NA VIRUSI VINGINE VYA MFUMO WA UPUMUAJI

Waheshimiwa Mawaziri,

Mimi ni mteknolojia wa maabara. Kazi yangu ni kupokea sampuli za puani na kooni za watu ambao pengine sitawaona maishani, na kutoa majibu ambayo daktari atayafanyia kazi. Sina kiti katika vikao vyenu, kwa hiyo nimechagua barua ya wazi, ili wananchi wanaozigharimia maabara hizi kwa kodi zao nao wajue ninachowaomba.

Ombi langu nalisema mapema, anayesoma kwa haraka asilikose. Maabara zetu zenye mashine za PCR zipewe kazi ya kudumu ya kuchuja aina za virusi vya upumuaji. Majibu ya uchujaji huo yatangazwe kila wiki, kwa namna moja, katika nchi zote nane za Jumuiya. Na nchi itakayotangulia kuona jambo geni isiadhibiwe na jirani zake kwa sababu imelisema.

Niruhusuni kwanza nieleze kipimo chenyewe, maana kipimo kisichoeleweka ni rahisi kukidharau, na ni rahisi pia kukiamini kupita kiasi. Sampuli inapofika maabara tunatenga vinasaba vya kirusi, yaani RNA, tunavigeuza kuwa DNA, kisha mashine inaviongeza maradufu kwa kila mzunguko, kwa kawaida hadi mizunguko 40. Mashine haikisomi kirusi chote. Kirusi cha korona kina herufi za vinasaba zipatazo 30,000, na PCR hutafuta vipande vichache vifupi tu. Kila kipande kina praima zake za kukishika na probu yake yenye rangi ya kukitangaza. Kipande kikiwapo, mwanga wa rangi hiyo hupanda na mstari huinuka kwenye skrini. Watengenezaji makini huweka shabaha mbili au tatu, ili kirusi kikibadilika mahali pamoja kisituponyoke.

Katika kinga hiyo ndimo ilimozaliwa habari ninayowaletea. Kipimo kimoja kilichotumika sana duniani, TaqPath cha kampuni ya Thermo Fisher, kina shabaha tatu: moja kwenye jeni ya ORF1ab, moja kwenye jeni ya N, na moja kwenye jeni ya S, ile inayounda mwiba ambao kirusi hutumia kuingia kwenye seli. Mwishoni mwa 2020 maabara kubwa za Uingereza ziliona sampuli nyingi ambazo mistari miwili ilipanda vizuri na wa S ukabaki chini. Mgonjwa alikuwa na korona, hilo halikuwa na shaka. Lakini herufi sita zilikuwa zimedondoka kwenye jeni ya mwiba, katika nafasi ya 69 na 70 ya protini, na probu haikupata pa kushika. Aina hiyo ya kirusi baadaye iliitwa Alpha. Kasoro ya kipimo ikageuka kuwa alama: kwa kuhesabu tu sampuli zilizokosa S, Waingereza waliweza kufuatilia Alpha ikienea mji kwa mji, bila kungoja kila sampuli isomwe vinasaba vyote.

Mkazi wa Dar es Salaam huitambua daladala ya njia yake kwa mstari wa rangi ubavuni kabla hajasoma kibao. Asipouona mstari huo anajua kwamba gari hili ni la njia nyingine, ila hajui bado linakwenda wapi wala limebeba nani. Kuchuja ni kutazama mstari. Kusoma mfuatano wote wa vinasaba ni kupanda ndani na kumhoji kila abiria. Kuhoji kunatoa habari kamili, lakini kunataka mashine nyingine, vitendanishi vya bei kubwa, wataalamu wa kuchambua data, na siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Kutazama mstari hakuongezi hata senti pale shabaha inayokosekana imo tayari ndani ya kipimo cha kawaida. Na pale inapohitajika PCR ya pili, ya kutafuta badiliko fulani la herufi, majibu hutoka ndani ya saa chache kwa mashine ileile.

Faida ya mwendo huo ilionekana barani kwetu mwezi Novemba 2021. Wataalamu wa maabara binafsi ya Lancet nchini Afrika Kusini waliona S imeanza kukosekana tena. Hilo halikutarajiwa, kwa sababu aina iliyokuwa imetawala wakati huo ni Delta, na Delta haina upungufu ule wa 69 na 70. Wakatoa taarifa, sampuli zikasomwa. Mtandao wa uchunguzi wa vinasaba wa nchi hiyo, ambao Profesa Tulio de Oliveira alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ukakuta kirusi chenye mabadiliko mengi kupindukia kwenye mwiba. Huko Gaborone, maabara ya Dk. Sikhulile Moyo ilikuwa imekutana na kirusi hichohicho. Tangazo likatoka Novemba 25. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likakipa jina la Omicron. Na kwa sababu alama ya S ilikuwa imo katika kumbukumbu za kila siku za maabara, wanasayansi waliweza kurudi nyuma na kuona sehemu yake ilivyopanda wiki hadi wiki katika jimbo la Gauteng. Dunia ilipata wiki kadhaa za kujiandaa kutokana na mstari mmoja uliokataa kupanda.

Waheshimiwa, mnakumbuka Afrika Kusini na Botswana zililipwa nini. Siku ileile ya tangazo Uingereza ilitangaza kuziweka nchi sita za kusini mwa Afrika kwenye orodha nyekundu ya usafiri. Marekani ikazuia wasafiri wa nchi nane kuanzia Novemba 29, na ikaondoa zuio hilo siku ya mwisho ya mwaka, Omicron ikiwa imekwisha kujaa ndani ya nyumba yake. Uholanzi ilitangaza Novemba 30 kwamba imeikuta Omicron katika sampuli zilizochukuliwa nchini humo Novemba 19 na 23, kabla hata ya tangazo la Afrika Kusini. Kirusi kilikuwa kimekwisha kuvuka. Waliozuiwa ni watu wa nchi zilizosema. Wala tusizinyooshee kidole Ulaya na Marekani peke yake, kwa kuwa Rwanda, mwanachama wa Jumuiya hii, nayo ilisitisha safari za ndege za moja kwa moja na nchi za kusini mwa Afrika.

Mkuu wa maabara anayeona jambo geni leo, iwe Bujumbura au Mogadishu, anaikumbuka hesabu hiyo. Waziri wake anaikumbuka zaidi. Hakuna mashine itakayotibu woga huo.

Nasi tuna kumbukumbu zetu wenyewe. Mwezi Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakatakiwa kupimwa. Upande wa Tanzania, baadhi ya mikoa ikajibu kwa kuzuia malori ya Kenya. Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni zikawa za kilomita nyingi, na madereva wakilala chini ya matrela wakisubiri majibu. Kwa dereva, kipimo kilikuwa cheti cha kupita na basi. Heko kwa wenzetu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, waliochukua baadhi ya sampuli za madereva na kuzisoma vinasaba, wakatuonyesha kirusi kilivyosafiri na barabara zetu. Lakini kama jambo la Jumuiya, tulikusanya sampuli kwa maelfu kwenye mipaka na hatukuwa na makubaliano ya nini kingine tujifunze kutoka kwazo zaidi ya “ndiyo” au “hapana”.

Kuna lililotokea Februari 2021 ambalo Watanzania wengi hawakupata kulisikia. Maofisa wa Angola waliwapima wasafiri waliofika Luanda. Sampuli za wasafiri watatu waliotoka Tanzania zilisomwa vinasaba, na zikaonekana kubeba aina ya kirusi yenye mabadiliko mengi mno. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za ugonjwa huu tangu Mei 2020. Kwa hiyo habari ya kilichokuwa kikizunguka miongoni mwetu ilipatikana katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine, ikaandikwa na wanasayansi wa nchi nyingine. Baadaye mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwisha kuunda kamati ya wataalamu na kupokea ushauri wao, Tanzania ilirudi kutoa takwimu. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba kunyamaza hakukifichi kirusi. Kunachofanya ni kumwachia jirani akitangaze kwa maneno yake, siku aitakayo yeye.

Na kwa kuwa nimeigusa 2020, niseme na lile la mapapai. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu chanya. Uongozi wa maabara ukasimamishwa kazi. Watu wamecheka sana, kila upande kwa sababu yake. Mimi nina neno la kitaaluma tu. Kumpima mpimaji kwa sampuli za siri ni jambo halali, na ndivyo maabara zinavyothibitishwa duniani kote. Hutumiwa sampuli bila kujua zina nini, hujibu, na hupewa alama. Lakini jaribio hilo lina kanuni zake: sampuli huandaliwa na taasisi huru, huwa za aina ambayo kipimo kimeundwa kuipokea, na matokeo yakiwa mabaya hutafutwa chanzo, iwe uchafuzi wa vitendanishi, mashine au mkono wa binadamu. Nchi ambayo ina utaratibu huo kila robo mwaka haihitaji kushtukiza, na mtumishi wa maabara hahitaji kuogopa jibu lake mwenyewe.

Sasa niwape na upande wa pili, nisije nikaonekana nauza kipimo. Uchujaji hutoa dalili. Hauna mamlaka ya kutoa hukumu. Upungufu wa 69 na 70 haukuwa mali ya Alpha peke yake. Ulikuwamo pia katika aina nyingine zilizozunguka Ulaya kabla yake, na katika kirusi kilichopatikana kwenye mashamba ya minki nchini Denmark. Omicron ya kwanza, BA.1, ilikuwa nao. Ndugu yake BA.2 hakuwa nao, na kwa maabara zilizotegemea S pekee alionekana kama Delta anayerudi. Ndiyo maana magazeti yakampachika jina la Omicron ya kificho. Kisha BA.4 na BA.5 zikaja nao tena, XBB ikaja bila upungufu huo, na mwishoni mwa 2023 BA.2.86 na uzao wake zikarudi nao. Badiliko liitwalo L452R nalo lilikwenda hivyohivyo. Mwaka 2021 lilikuwa alama ya Delta, na Denmark ilitumia kukosekana kwake kuitambua Omicron mapema mwezi Desemba. Miezi michache baadaye BA.5 ikalivaa. Alama yoyote ina msimu wake. Maabara inayoendelea kusoma alama ya mwaka jana inadanganya bila kujua.

Hatari nyingine inatuhusu sisi zaidi ya wengine. Mwishoni mwa 2020 Uganda ilikuwa na aina yake, A.23.1, iliyoibuliwa na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, na ikafika mahali ikawa ndiyo inayotawala nchini humo. Mabadiliko yake ya mwiba yalikuwa mengine kabisa. Haikuwa na upungufu wa 69 na 70, wala N501Y, badiliko ambalo vipimo vingi vya kuchuja vya mwanzo wa 2021 viliwekwa kulisaka. Maabara ambayo ingenunua vipimo hivyo na kuishia hapo ingeandika kwamba hakuna jambo jipya Uganda. Kumbe A.23.1 ilikuwa na P681R, badiliko ambalo dunia ililifahamu vizuri miezi kadhaa baadaye kupitia Delta. Vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya virusi vya London vinaona virusi vya London. Ili vione vya Kitgum au vya Kigoma, lazima tuwe tunasoma vinasaba vyetu wenyewe mara kwa mara, kisha tutunge alama zetu.

Kutunga alama si jambo la mataifa makubwa pekee. Mapema 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waligundua kwamba Alpha, Beta na Gamma zote zimepoteza herufi zilezile katika sehemu nyingine ya kirusi, ndani ya ORF1a. Wakaunganisha shabaha hiyo na ile ya mwiba katika kipimo kimoja. Sampuli ikikosa zote mbili, inashukiwa kuwa Alpha. Ikikosa ya ORF1a peke yake, inashukiwa kuwa Beta au Gamma. Waliandika mfuatano wa praima na probu zao hadharani, maabara yoyote ikaweza kuziagiza zitengenezwe bila kununua kifurushi cha kampuni. Ujuzi wa namna hiyo upo Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 2021 wimbi kali lilipoikumba Komoro, sampuli za visiwa hivyo zilisomwa Kilifi, katika maabara za KEMRI na Wellcome Trust, na huko ndiko ilikobainika kwamba Beta ilikuwa imefika. Kinshasa kuna taasisi ya utafiti ya INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, yenye uzoefu wa Ebola wa miongo mingi.

Anayedhani haya ni ya korona na yamepita, atazame Kivu Kusini. Mji wa migodi wa Kamituga ulipopata mlipuko wa mpox kuanzia Septemba 2023, kirusi cha huko, kilichokuja kuitwa kundi la Ib, kilikuwa kimepoteza kipande kilekile cha vinasaba ambacho kipimo mahususi cha kundi la kwanza (I) la mpox kilikuwa kinakitafuta. Kipimo cha jumla kilisema mpox ipo, kipimo cha kundi kikasema hakuna. Mpox si ugonjwa wa mapafu, lakini kwa mtu wa maabara ni S ileile iliyokataa kupanda. Kufikia Agosti 2024 kundi hilo lilikuwa limeonekana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alibainika katika mpaka wa Taveta, akiwa safarini. Agosti 13 Africa CDC, taasisi ya afya ya Umoja wa Afrika, ilitangaza dharura ya bara, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kimataifa. Barabara ni zilezile za malori ya 2020.

Najua pingamizi zitakazoletwa mezani. Ya kwanza ni fedha: malaria na kifua kikuu vinaua leo, kwa nini tutumie shilingi kwa kirusi ambacho dharura yake ilifungwa Mei 2023? Jibu langu ni kwamba siombi kumpima kila mwenye mafua. Kwa mafua ya kawaida tayari tunachuja. Vituo vya taifa vya mafua vya nchi zetu hupokea sampuli kutoka hospitali teule, huuliza kama ni A au B, na kama ni A ni H1 au H3, kwa PCR hizihizi, ndani ya mtandao wa Shirika la Afya Duniani uliopo tangu 1952. Sampuli hizohizo zinaweza kuulizwa na ya korona. Siku homa ya mafua ya ndege, H5N1, itakapobisha hodi kwa binadamu wa ukanda huu, dalili ya kwanza itakuwa sampuli ya mafua A isiyokubali kuwa H1 wala H3. Maabara iliyozoea kushtuka inapoona jibu lisilokamilika ndiyo itakayoiona.

Pingamizi ya pili ni kwamba hatuna vifaa. Mwaka 2020 Jumuiya iligawa maabara tisa zinazohamishika, kwa fedha za Ujerumani kupitia benki ya KfW na kwa utaalamu wa taasisi ya Bernhard Nocht ya Hamburg: Burundi, Rwanda na Sudan Kusini moja moja, Kenya, Tanzania na Uganda mbili mbili. Kabla ya hapo ulikuwapo mradi wa mtandao wa maabara za afya ya jamii uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2010. Vifaa tumepewa. Adui yetu ni mashine inayosimama kwa kukosa mkataba wa matengenezo, na vitendanishi vinavyofika mpakani vikakaa juani vikisubiri msamaha wa ushuru.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na nayaomba kwa mpangilio wa urahisi wake.

Kwanza, hospitali teule katika kila nchi zichukue sampuli za wagonjwa wa mafua makali na nimonia mwaka mzima, zikiwamo za miji ya mipakani. Kila sampuli chanya yenye kirusi cha kutosha, tuseme iliyoonekana kabla ya mzunguko wa 30, ichujwe aina ndani ya saa 48. Nakitaja kiwango hicho kwa sababu kirusi kikiwa kidogo sana, shabaha moja inaweza kukosekana kwa uchache tu, na hapo tutatangaza aina mpya isiyokuwapo.

Pili, uchujaji usitenganishwe na usomaji wa vinasaba. Zisomwe sampuli zenye majibu ya ajabu, na zisomwe pia nyingine zilizochaguliwa kwa nasibu, hata kama zinaonekana za kawaida. Tukisoma za ajabu pekee tutaona kile tu tunachokitafuta, na A.23.1 nyingine itapita mbele yetu. Nchi isiyo na mashine ya kusoma ipeleke sampuli kwa jirani, chini ya makubaliano yanayosema wazi kwamba data ni mali ya nchi iliyotuma na kwamba wanasayansi wake watakuwa miongoni mwa waandishi.

Tatu, liundwe jopo dogo la wataalamu wa maabara kutoka nchi zote nane, lipitie kila baada ya miezi mitatu alama zinazotumika, liondoe zilizopitwa na wakati na kupendekeza mpya. Jopo hilo halihitaji jengo wala gari.

Nne, taarifa ya kila wiki. Ionyeshe waliopimwa ni wangapi, chanya wangapi, waliochujwa wangapi, wenye kila alama wangapi, na wanatoka mkoa au kaunti gani. Nasisitiza idadi ya waliopimwa, kwa sababu bila hiyo nchi inayopima sana itaonekana mgonjwa na nchi isiyopima itaonekana mzima. Makosa ya mipaka ya 2020 yalikuwa na mengi ya hesabu hiyo ndani yake.

Tano, vitendanishi vinunuliwe kwa pamoja na kupita mipakani bila kuzuiwa, kila mashine iwe na mkataba wa matengenezo katika bajeti ya serikali yake, na watumishi waliofundishwa kwa fedha za miradi waajiriwe. Mradi ukifungwa na mtaalamu akaenda kuuza vipuri vya pikipiki, tumepoteza mashine ambayo hakuna mfadhili atakayetununulia nyingine.

Sita, uthibitisho wa ubora wa nje kila robo mwaka kwa kila maabara inayochuja, matokeo yake yachapishwe, na sheria imlinde mpimaji aliyetoa jibu kwa kufuata taratibu, hata kama jibu hilo halikumfurahisha mkubwa yeyote.

Saba ndilo gumu. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinazitaka serikali ziliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa dharura, na zinamtaka anayeweka vizuizi vya ziada vya usafiri aeleze sababu zake za kisayansi. Novemba 2021 ilituonyesha jinsi sehemu ya kwanza inavyodaiwa kwa ukali na ya pili inavyopuuzwa. Hatuwezi kuilazimisha dunia. Ndani ya Jumuiya, yenye itifaki ya soko la pamoja na hati za kusafiria za pamoja, tunaweza kujilazimisha wenyewe. Tuandikiane kwamba mwanachama atakayekuwa wa kwanza kutangaza aina mpya ya kirusi hatafungiwa mpaka wala anga na wenzake kwa sababu ya tangazo hilo. Kwamba ndani ya siku chache wenzake watachuja sampuli zao kwa alama hiyohiyo kabla ya kuamua lolote, maana mara nyingi watakikuta tayari nyumbani. Na kwamba kama biashara yake itayumba kwa kusema ukweli, hasara hiyo itakuwa hoja ya Jumuiya nzima, wala hataachwa aibebe peke yake.

Waheshimiwa, maombi sita ya kwanza yanahitaji fedha, wataalamu na muda, na najua mtayapeleka kwenye kamati. Hili la saba halihitaji kitendanishi wala mkopo. Liwekeni kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, mlitie sahihi mkiwa bado hamjui ni nani kati yenu atakayelihitaji kwanza.

Wenu katika utumishi,

Mteknolojia wa maabara,
Afrika Mashariki.